Familia inavyoweza kusafiri nje ya nchi bila kugusa ada ya watoto

Dar es Salaam. Zamani safari ya familia wakati wa likizo ilikuwa moja tu: kijijini kwa bibi na babu. Siku hizi shule zikifunguliwa watoto husimuliana habari za ndege, Dubai na Nairobi, na wakirudi nyumbani huuliza, “Baba, na sisi tutakwenda lini?”

Swali hilo limewagawa wanandoa wengi. Mmoja anasema watoto wanahitaji kuona dunia, mwingine anaona heri fedha hizo zikamalizie kiwanja. Wapo pia wasiojadiliana kabisa. Hukopa, husafiri, hupiga picha, kisha wakirudi huanza kukwepa simu za wanaowadai.

Hata hivyo, si kila familia inayosafiri ina kipato kikubwa. Zipo za walimu, wauguzi na wenye maduka ya mtaani. Siri yao ni mambo matatu: kuchagua nchi inayolingana na mfuko, kupiga hesabu kwa idadi ya vichwa, na kuanza kuweka akiba mapema ili siku ya kuondoka asiwepo anayedaiwa.

Hesabu ianzie kwenye pasipoti

Wengi wakiwaza safari ya nje huwaza nauli na hoteli. Gharama ya kwanza huja kabla ya hapo, nayo ni nyaraka.

Pasipoti ya kawaida ya Tanzania hugharimu Sh150,000, na mtoto naye anahitaji ya kwake. Kwa familia ya baba, mama na watoto watatu, hizo ni Sh750,000 kabla hata hawajanunua tiketi ya basi. Habari njema ni kwamba pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10, hivyo gharama hiyo hairudi kila likizo.

Kwa safari za nchi jirani, Idara ya Uhamiaji pia hutoa hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake ni ndogo kuliko ya pasipoti. Familia isiyotarajia kusafiri tena karibuni iulize ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kama hati hiyo inatosha kwa nchi inayokwenda.

Kinachochelewesha wengi si ada bali viambatanisho. Mtu mzima huhitaji kitambulisho cha Taifa. Maombi ya mtoto huhitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi. Mzazi anayekumbuka wiki mbili kabla ya safari kwamba mtoto wa mwisho hana cheti cha Rita, au kwamba jina la cheti halifanani na la shuleni, hujikuta akilipia haraka ambayo ingeepukika.

Kuna pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo msafiri anaweza kudaiwa mpakani, hata anaporudi nyumbani. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani (WHO), chanjo moja inahesabika kwa maisha yote. Kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asilipie nyingine kwa sababu tu ameambiwa imepita miaka 10.

Nje ya nchi si lazima iwe Ulaya

Hapa ndipo safari nyingi hufia au huokolewa. Chukulia familia hiyohiyo ya watu watano, watoto wakiwa na umri wa miaka 14, 10 na 5, inataka kwenda Ufaransa au Italia. Tangu Juni 2024, ada ya viza ya nchi za Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na mtoto aliyefikisha miaka 12, na euro 45 kwa mwenye miaka sita hadi 11. Wa chini ya miaka sita halipi.

Familia hiyo italipa euro 315 kwa ajili ya kuomba tu. Viza ikikataliwa, ada hairudishwi. Bado hapo hakuna bima ya safari, nauli wala mahali pa kulala.

Sasa geuza macho kwa majirani. Mtanzania haombi viza kwenda Kenya, Uganda wala Rwanda. Fedha ambayo ingeliwa na makaratasi ya ubalozi inakuwa nauli na chakula. Kwa mtoto wa darasa la tatu, kuvuka mpaka, kugongewa muhuri na kushika noti ya nchi nyingine ni safari kamili ya ng’ambo.

Mfano mmoja ni mzunguko wa Kenya. Familia ya Dar es Salaam inaweza kupanda basi kupitia Tanga hadi Horohoro, ikavuka kuingia Lunga Lunga na kufika Mombasa. Huko watoto wataona Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo Unesco iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Mtoto aliyeisoma darasani ataigusa kwa mkono.

Kutoka Mombasa wanapanda treni ya SGR hadi Nairobi, wakipita katikati ya hifadhi ya Tsavo na macho yakiwa dirishani kutafuta tembo. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, na watoto wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Kwa familia ya mfano wetu, jumla ni shilingi 6,000 za Kenya. Tiketi zikatwe mapema kwa sababu wakati wa sikukuu huisha haraka.

Nairobi kwenda nyumbani wanapitia Namanga na Arusha, hivyo hawarudii njia waliyokwendea. Kwenye hifadhi na makumbusho za Kenya, raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio cha chini kuliko watalii wa mbali. Kinachotakiwa ni kuonyesha kitambulisho au pasipoti kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Wanaopenda kwenda na gari lao wakumbuke bima. Ile ya nyumbani haivuki mpaka. Inatakiwa bima ya Comesa inayoitwa pia kadi ya njano, ambayo isichanganywe na ile ya chanjo.

Juni ina nafuu kuliko Desemba

Familia nyingi hupanga safari Desemba kwa sababu likizo ni ndefu. Huo ndio wakati ambao kila mtu yuko barabarani. Mabasi ya kaskazini yamejaa wanaokwenda Moshi na Arusha kula Krismasi, vyumba vya pwani vimepanda bei, na nyuma yake inakuja Januari yenye ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba.

Mwezi Juni ni tofauti. Shule za Tanzania zimefungwa, lakini za Kenya zipo katikati ya muhula wa pili, kwa hiyo familia za Nairobi hazijashuka Mombasa. Mvua za masika zimepungua, na hoteli nyingi za pwani zinatafuta wageni. Huo ndio wakati ambao mzazi anaweza kuuliza bei ya chumba cha familia na kuomba apunguziwe, akasikilizwa.

Lakini Juni nayo ina mtego wake. Julai muhula mpya unaanza, na shule nyingi binafsi hudai awamu nyingine ya ada. Familia inayosafiri salama huweka kando ada ya Julai kwanza, ndipo ikanunua tiketi.

Mfuko wa safari uwe na jina lake

Tuseme familia imepiga hesabu, pasipoti zikiwamo, ikafika Sh3.6 milioni. Ukiitazama kwa mara moja ni fedha ya kukatisha tamaa. Ukiigawa kwa miezi 12 ni Sh300,000 kwa mwezi. Kwa miezi 18 ni Sh200,000, na kwa miezi 24 ni Sh150,000. Mama mwenye genge au duka ambaye hana mshahara wa mwezi aigawe kwa siku: Sh200,000 kwa mwezi ni karibu Sh6,700 kila anapofunga mahesabu ya jioni.

Ikiwa hata miezi 24 inabana, jibu si kukopa. Ni kufupisha safari, au kuongeza miezi.

Pa kuweka fedha hizo nako kuna maana. Kibubu cha nyumbani ni rahisi kuanza nacho, lakini ni rahisi pia kukivunja siku mkaa unapokwisha. Akaunti ya simu ambayo mtu huitumia kununulia vocha na kulipia umeme nayo haikai na fedha. Baadhi ya familia hutumia Saccos ya kazini, na wengine huweka kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT Amis, ambako mwekezaji anaweza kuchukua fedha zake bila kusubiri muda wa kukomaa.

Kwenye vikoba, tazama tarehe ya kuvunja. Vingi huvunjwa Desemba, na mgawo huo hukutana na sikukuu na ada ya Januari. Fedha ya safari ya Juni ikipita katika mlango huo, mara nyingi haitoki upande wa pili. Anayecheza upatu aombe zamu yake iangukie Aprili au Mei.

Mkopo wa starehe hulipwa bila starehe

Kukopa kwa ajili ya biashara kuna matumaini kwamba biashara itarudisha. Likizo hairudishi kitu mfukoni. Mtu akichukua Sh1 milioni kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na akakaa miezi sita kabla ya kuulipa, riba peke yake ni Sh1.2 milioni. Amesafiri mara moja, amelipa zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mitaani mikopo hiyo imepewa jina la kausha damu.

Ile ya kwenye simu nayo si salama kwa sababu tu inakuja haraka. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Wapo waliokopa kwenye programu za aina hiyo, na walipochelewa kulipa, ujumbe wa kuwadhalilisha ukatumwa kwa wakwe, mabosi na majirani. Hakuna picha ya ufukweni inayofaa kulipiwa kwa aibu hiyo.

Kufikia kwa ndugu si bure

Njia ya Waswahili ya kupunguza gharama ni kufikia kwa ndugu au rafiki. Ni njia nzuri, na watoto hupata kuwafahamu binamu zao. Lakini watu watano wakiingia kwenye nyumba ya vyumba viwili, mwenyeji naye anaingia gharama.

Familia yenye busara hupiga simu mapema, husema itakaa siku ngapi, na asubuhi ya kwanza hununua unga, mchele, mafuta na nyama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa safari ya wiki moja, inawezekana kulala kwa ndugu siku mbili tatu na zilizobaki kwenye nyumba ya wageni, na undugu ukabaki salama.

Jambo jingine ni zawadi. Nyumbani kuna shangazi, majirani na wafanyakazi wenzako wanaosubiri “umetuletea nini?” Fungu la zawadi litengwe tangu mwanzo, tena dogo. Fungu jingine, angalau sehemu moja ya kumi ya bajeti, libaki bila kuguswa kwa ajili ya homa ya mtoto au basi kuharibika. Na fedha ibadilishwe benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, si kwa vijana wanaokukimbilia mpakani na mabunda mkononi.

Wazazi wakubaliane kwanza

Yote hayo hayasaidii kama baba na mama hawajasema ukweli kuhusu kipato na madeni. Mume anayeandaa safari ya kumshtukiza mkewe huku ana mkopo asiojua mwenzake, au mke aliyechukua fedha za kikoba kimyakimya, wote wanasafirisha ugomvi.

Wakae siku moja watoto wakiwa wamelala, waandike kwenye karatasi vitu visivyoguswa: ada, kodi, bima ya afya, matibabu ya wazazi kijijini na akiba ya dharura. Kinachobaki ndicho kitakachoamua kama ni Nairobi, Kigali, au ni Tanga mwaka huu na Mombasa mwaka ujao. Kama kiwanja kimebakiza awamu mbili, kimalizwe kwanza. Bahari ya Mombasa itakuwapo.

Watoto waambiwe baada ya makubaliano hayo, na waambiwe kwa fedha. Mwenye miaka 14 anaelewa akionyeshwa daftari la akiba na miezi iliyobaki. Mwenye miaka 10 anaweza kukubali soda ya Jumapili iingie kwenye mfuko wa safari. Nyumba nyingine hubandika karatasi ukutani na kila mwezi mtoto mmoja huandika kiasi kilichoongezeka, ili mwezi ambao hakikuongezeka kitu, kila mmoja ajue sababu bila baba kusumbuliwa na maswali.