Wafanyakazi wa mkataba na michango ya NSSF: nani anawajibika?

Kamati nyingi za parokia zinapopanga kujenga zahanati au kuendesha shule ya awali huandika bajeti ya saruji, mabati, madawati na mishahara. Mchango wa hifadhi ya jamii mara nyingi haumo. Ukiuliza, unajibiwa: "Hawa ni wa mkataba tu." Kwa sheria za hapa Tanzania jibu hilo halitoshi.

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Tangu mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, NSSF ndiyo inayohudumia sekta binafsi, na humo yamo mashirika ya dini na miradi yake. Kila mwezi hulipwa asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi asilimia isiyozidi 10. Iliyobaki ni juu yake mwenyewe. Kwa mhudumu anayelipwa shilingi 400,000, mchango ni shilingi 80,000, na angalau 40,000 kati ya hizo ni za mwajiri. Anayetakiwa kuzipeleka zote ni mwajiri. Kumkata mtu halafu kutopeleka ni vibaya kuliko kutomkata kabisa, maana fedha hiyo tayari ilikuwa jasho lake.

Je, mtu wa mkataba ni mfanyakazi?

Hapa ndipo kamati nyingi hukwama. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi, hata mkataba wake ukiitwa jina gani, iwapo kuna hata jambo moja kati ya kadhaa yanayotajwa: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa zake, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anapewa vifaa, au anamtegemea huyo mmoja kwa riziki yake. Anayepinga ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Basi mlinzi anayeingia zamu kila usiku, au mwalimu wa chekechea anayelipwa "posho", ni vigumu kumwita mtoa huduma wa kujitegemea.

Fundi mwenye kampuni yake aliyechukua kazi ya kupaua ni habari nyingine. Yeye ndiye mwajiri wa vibarua wake. Hata hivyo kamati inashika fedha, na inaweza kuandika katika mkataba kwamba malipo ya awamu inayofuata yatatolewa akionyesha stakabadhi za michango. Aulizwe pia kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Kibarua akianguka kutoka juu ya paa, swali la kwanza la familia yake litakuwa hilo.

Miezi 180

Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mradi wa miaka mitatu unampa mtu miezi 36. Akihamia mradi mwingine unaochangia, kwa namba ile ile ya uanachama, hesabu inaendelea. Muuguzi aliyezunguka miradi mitano ya miaka mitatu-mitatu bila kuchangiwa amefanya kazi miaka 15 na hana hata mwezi mmoja.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Wapo wanaouona mchango huu kama gharama za utawala na kuufyeka bajeti inapobana. Ni sehemu ya mshahara, nao haukwepeki kisheria. Ukifutwa kwenye bajeti, deni hubaki kwa parokia.

Katika kikao cha robo mwaka, mweka hazina alete stakabadhi za NSSF pamoja na orodha ya mishahara, na majina yalinganishwe moja baada ya jingine. Mfanyakazi naye anaweza kuomba taarifa ya michango yake katika ofisi ya NSSF, bila kusubiri hadi mkataba uishe.