Mbenga Anakula Nini?

Ukimkuta mbenga sokoni, angalia kwanza mdomo wake. Meno yale si ya kutafuna: yanashika na kukata. Akikomaa anapita mita 1, na kilo 50 anaweza kufika. Anapenda maji ya nguvu, kama pale kwa Wagenia. Mkondo ukichosha samaki wadogo, yeye anawarukia. Lakini akiwa mtoto anaanza na wadudu wa majini, kule pembeni ya mto. Na sisi je? Tunachukua chandarua cha mbu, tunakikokota pembeni mule mule, vitoto vyote vinaingia sufuriani! Mbenga anapotezwa mara mbili: watoto wake, na chakula chake. Usiku mtoto wako naye analala bila chandarua.