Mbao za samani za kupakwa rangi

Mbao za samani za kupakwa rangi ni mbao zinazochaguliwa kutengenezea kabati, meza, vitanda, rafu na vitu vingine ambavyo uso wake utafunikwa kabisa kwa rangi. Uchaguzi wake ni tofauti na ule wa samani za vanishi, kwa kuwa rangi huficha nyuzi na urembo wa mti. Kinachotafutwa ni mbao kavu, nyoofu, yenye uso laini na isiyotoa utomvu.

Makala hii inatumia mfano wa Ifakara na bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania, ambako miti ya asili na ya kupandwa hupatikana.

Miti inayotumika

*Mninga* (Pterocarpus angolensis) na *mvule* (Milicia excelsa) ni miti ya asili yenye mbao nzuri na ghali. Hukua polepole. Kuzipaka rangi mbao hizo ni kufunika kile kilichozipandisha bei, hivyo huachiwa vanishi au mafuta.

*Mtiki*, au msaji (Tectona grandis), hupandwa bondeni na Kampuni ya Kilombero Valley Teak, iliyoanzishwa mwaka 1992. Mbao zake hustahimili mchwa na hazipindi kwa urahisi. Hata hivyo zina mafuta ya asili yanayozuia rangi kushika. Zikipakwa rangi, uso hupigwa msasa, kisha hufutwa kwa kitambaa chenye tina muda mfupi kabla ya kupaka.

*Msindano*, au paina (Pinus), hupandwa kwa wingi nyanda za juu, hasa Sao Hill wilayani Mufindi. Ni mwepesi, hurandwa vizuri na hushika rangi, kwa hiyo ndio unaofaa zaidi kwa kazi hii. Udhaifu wake ni mafundo yenye utomvu, ambayo baada ya muda hutokeza doa la manjano juu ya rangi nyeupe. Mafundo hayo huzibwa kwanza kwa sheleki. Msindano usiotiwa dawa huliwa na mchwa, hivyo miguu ya samani haipaswi kugusa udongo.

Ukavu wa mbao

Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia mbao mbichi. Mbao hupungua upana inapokauka. Viungo huachia na rangi hupasuka penye viungo. Katika bonde la Kilombero hewa huwa na unyevu mwingi wakati wa mvua, na mbao iliyopangwa nje hainyauki hata ikikaa muda mrefu. Hupangwa kivulini, chini ya paa, ikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite.

Ukavu hupimwa kwa njia rahisi: kipande hupimwa uzito kila baada ya siku chache. Uzito usipopungua tena, mbao imefikia unyevu wa hewa ya mahali hapo. Kabati lililotengenezwa Ifakara likipelekwa Dodoma, kwenye hewa kavu zaidi, litapungua tena. Kwa sababu hiyo ubao wa katikati wa mlango haugundishwi kwenye fremu. Huachiwa nafasi ndani ya mfereji, na hupakwa rangi kabla ya kuunganishwa ili mstari usiopakwa usionekane baadaye.

Uhalali wa mbao

Uvunaji wa miti husimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ndio unaosimamia misitu ya serikali kuu. Mnunuzi anashauriwa kudai risiti na kuuliza kibali cha kusafirishia mbao. Jambo hili lina uzito Kilombero, kwani ardhi oevu ya bonde hilo iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Kutumia msindano wa kupandwa kwa samani za rangi hupunguza mahitaji ya mninga na mvule, bila kupunguza ubora wa samani.