Mvua moja, hasara ya tanuru zima

Anayejenga Tuwan mjini Kitale, au kule Bungoma, hununua matofali ya kuchoma kwa maelfu. Bei anayolipa imebeba udongo, vibarua, kuni na usafiri. Imebeba pia hasara ambayo wachomaji wengi hawaiandiki daftarini: matofali mabichi yaliyonyeshewa kabla ya kupangwa tanuruni.

Kazi hii hushamiri kiangazi, Desemba hadi Machi. Mvua ikiwahi, uharibifu ni wa dakika chache. Tone kubwa huanguka kwa takriban mita 9 kwa sekunde. Kinadharia, katika kufumba na kufumbua, kabla maji hayajatawanyika, shinikizo chini ya tone linaweza kukaribia megapaskali 13, ilhali tofali bichi huhimili chache tu. Kisha maji hukimbia pembeni yakikwangua udongo na kupenya nyufa. Mwingereza A. A. Griffith alieleza mwaka 1921 kwamba kitu kigumu kisichonyumbuka huvunjikia palipo na ufa mdogo wa awali. Ndiyo maana kona za tofali hutangulia kumeguka.

Hasara haikomi hapo. Tofali lenye ufa likiingia tanuruni hula kuni sawa na lililo zima, kisha likatoka vipande. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, kila mchomaji alijifunza kwamba kuni si kitu cha kupoteza.

Wenye mitambo ya upepo nao hupigwa na matone, kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa ncha za mapanga hukata hewa kwa makumi ya mita kwa sekunde. Wao hupaka kinga kwenye kingo za mapanga na kuipangia bajeti. Mchomaji wetu naye anastahili bajeti hiyo: turubai, banda la mabati na mitaro ya kupitisha maji.

Wanaofyatua matofali ya kufungana kwa mashine, kwa udongo uliochanganywa na saruji, huepuka kuni kabisa, ila nao lazima wayafunike na kuyamwagilia hadi saruji ikomae. Nchini Australia, tofali la udongo hupimwa kwa kupuliziwa maji kwa saa moja. Likilika zaidi ya milimita moja kwa dakika, hukataliwa. Wanunuzi wetu wangeanza kudai kipimo kama hicho, turubai lingejilipia lenyewe, kwani matofali yaliyotunzwa yangepata bei yake.