Shukrani ya punda

Ukitaja Ferrari, wengi huona gari jekundu la watu wawili, linalonguruma katika uwanja wa mashindano. Leo nataka tulikumbuke jingine, lenye viti vinne, ambalo ndilo lililoilisha kampuni hiyo ya Italia. Jina lake ni 250 GTE.

Mzee Enzo Ferrari alipenda mashindano kuliko biashara. Magari ya barabarani aliyauza ili apate fedha za kushindana. Lakini tajiri mwenye watoto atawapakia wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1960. Mafundi wa Maranello waliisogeza injini mbele yapata sentimeta 20, bila kuongeza umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na nafasi ya viti viwili zaidi ikapatikana. Pininfarina wakachora umbo. Injini ilikuwa ya lita 3 na silinda 12, kwa hiyo baba aliweza kupita kilometa 220 kwa saa, wanawe wameketi nyuma!

Wateja walijitokeza. Hadi mwaka 1963 yalikwishatengenezwa zaidi ya 900, idadi kubwa mno kwa Ferrari wakati huo. Hata polisi wa Roma walipewa mwaka 1962, na dereva wao, Armando Spatafora, akasifika kwa kuwafukuza majambazi nalo.

Miaka hiyo hiyo Ferrari ilitengeneza 250 GTO, gari la mashindano. Hayo hayakufika hata 40, na kwa uchache huo bei ikapaa. Mwaka 2018 moja lilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 48 za Marekani.

Hapo ndipo punda alipotoa shukrani yake. Kwa kuwa injini za magari hayo mawili ni za ukoo mmoja, wajanja waliyanunua ya viti vinne kwa bei nafuu, wakatupa bodi, wakafupisha fremu na kuyavisha sura ya GTO. Mengine yalifunguliwa vipuri tu. Mlezi wa nyumba akachinjwa ili apatikane mwigo wa bingwa!

Leo GTE iliyo kamili hutafutwa, na mwenye nayo hathubutu kushika msumeno. Lakini yaliyokatwa hayarudi. Tujifunze kumheshimu mbeba mzigo angali mzima, si baada ya kuadimika.