Simu ya Mkononi Katika Upimaji wa Mito ya Msimu: Gulwe na Bonde la Kinyasungwe

Upimaji wa mazingira kwa simu ya mkononi ni utaratibu wa kutumia vihisi vilivyomo ndani ya simu, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mwanga, sauti, mwendo, mgandamizo wa hewa na mahali simu ilipo, pamoja na macho ya mwenye simu mwenyewe, ili kukusanya takwimu za mvua, mito, udongo na hewa na kuzifikisha kwa wanaozihitaji. Haja ya takwimu hizo inaonekana waziwazi Gulwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, ambako Reli ya Kati inaandamana na mto Kinyasungwe, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mkavu, lakini mvua kubwa ikinyesha hufurika kwa muda mfupi na kuweza kung'oa tuta la reli pamoja na mataruma yake.

Reli hiyo, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, inafuata bonde la mto kati ya Kilosa na Gulwe ili kupanda kutoka nyanda za chini hadi uwanda wa kati, na ukaribu huo na mto umeigharimu mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu njia katika kipande hicho kiasi cha kusimamisha treni kwa miezi kadhaa, na katika miaka iliyofuata Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, lilishirikiana na serikali kuchunguza namna ya kuikinga. Chanzo cha tatizo ni aina ya mvua yenyewe, kwani Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo vichache vinavyoangukia vilima visivyo na majani ya kutosha. Wingu linaweza kumwaga maji milimani huku anga la Gulwe likiwa jeupe, na kwa kuwa vituo rasmi vya kupima mvua viko mbalimbali, dhoruba ya namna hiyo inaweza kupita katikati yake bila kuandikwa popote. Pengo hilo ndilo ambalo simu iliyo mkononi mwa mkazi wa juu ya mto inaweza kuliziba.

Kipimo chenye manufaa zaidi ni cha wingi wa maji yanayopita, ambao hupatikana kwa kuzidisha eneo la mkato wa mto kwa kasi ya maji. Mpimaji huelekeza kamera ya simu mtoni kwa sekunde chache, kisha programu hufuatilia povu, majani na vijiti vinavyoelea, na kwa kulinganisha picha moja na inayofuata hukokotoa kasi ya uso wa maji, mradi kuwe na alama mbili au zaidi ukingoni ambazo umbali kati yake unajulikana. Tuseme mto una upana wa mita 20, kina cha wastani cha nusu mita na kasi ya uso ya mita 1.5 kwa sekunde: hesabu ya kwanza hutoa mita za ujazo 15 kwa sekunde, lakini kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruzana na mchanga, wataalamu huzidisha kwa takribani 0.85, na jibu huwa karibu mita za ujazo 13. Njia ya aina hii imejaribiwa nchini katika mto Themi, Arusha, na faida yake kubwa kwa mto wa ghafla ni kwamba mpimaji hana haja ya kuingia majini. Husimama juu ya ukingo, mbali na hatari.

Hata hivyo, Kinyasungwe una tabia inayoweza kumdanganya mpimaji, kwa sababu hubeba mashapo, yaani mchanga, tope na kokoto, ambayo huinua au kuchimba sakafu ya mto kila yanapopita mafuriko. Alama ya kina iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja mwaka huu inaweza kusoma vingine mwaka ujao ingawa maji ni yaleyale, kwani sakafu yenyewe imehama. Dawa yake ni picha ya daraja lilelile, ikipigwa kutoka mahali palepale wakati mto umekauka, kila baada ya mafuriko, ikiwa na tarehe na majira ya nukta, yaani namba za mahali ilipopigwa, ambayo simu huyaandika yenyewe ndani ya faili ikiwa huduma ya mahali imewashwa. Mfululizo wa picha hizo ukipangwa kwa miaka huonyesha ni kiasi gani cha nafasi ya kupitisha maji kimebaki chini ya daraja, na hiyo ni habari ambayo mhandisi wa reli anaihitaji kabla ya msimu wa mvua.

Kihisi cha mgandamizo wa hewa, kinachopatikana katika baadhi ya simujanja tu, nacho kinahitaji uangalifu. Katika nchi za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ukifika kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kushuka kwa takribani hektopaskali 3 kufikia saa 10 jioni, hata kama hakuna wingu lolote. Aidha, mtu akipanda kilima kwa mita 8 au 9 tu, simu husoma upungufu wa hektopaskali 1. Kwa hiyo anayeona namba zikishuka alasiri asikimbilie kutangaza mvua, na anayetaka takwimu zenye maana hana budi kupima mahali pamoja na saa ileile kila siku.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katika jibu linalotarajiwa na anayetuma takwimu. Mradi wa Maji Matone, ulioendeshwa na shirika la Daraja nchini Tanzania mwanzoni mwa muongo wa 2010, uliwaomba wananchi kuripoti kwa ujumbe mfupi vituo vya maji vilivyoharibika; lengo lilikuwa jumbe 3,000, zikaja 53. Daraja lenyewe lilitangaza matokeo hayo waziwazi na kueleza sababu zake, zikiwemo kwamba wachotaji wa maji ni wanawake na watoto ilhali simu mara nyingi iko kwa mwanamume, na kwamba watu hawakuamini kuwa ripoti yao ingemleta fundi. Kwa upande mwingine, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofanya kazi Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, waliweka katika mipini ya pampu za mkono kihisi cha mwendo kama kile cha simu, kikituma ujumbe wa idadi ya mipigo, na kikosi cha mafundi kikawekwa tayari kuitikia. Muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulipungua kutoka takribani wiki nne hadi chini ya siku 3. Tofauti ya miradi hiyo miwili haiko katika ubora wa kifaa peke yake. Kyuso kulikuwa na fundi aliyekuwa akisubiri ujumbe.

Faida nyingine ya kupima huja taratibu. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kina cha maji ya visima kimeandikwa tangu miaka ya 1950, na uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa maji ya ardhini ya eneo hilo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, wala si kidogo kidogo kila mwaka. Ukweli huo usingeonekana kwa kupima miaka mitano.

Kwa Gulwe na vijiji vya juu ya mto, hatua zinazofaa zinajulikana. Wapimaji wachache walioteuliwa na kijiji na kulipiwa bando wana manufaa kuliko umati wa watumaji wa siku moja. Asiye na simujanja anaweza kusoma kipimo cha mvua cha plastiki na kutuma namba kwa kitochi. Na nakala ya kila takwimu ibaki ofisi ya kijiji, ikienda pia kwa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, Shirika la Reli na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kutoa tahadhari kwa umma. Jina na namba ya simu ya mpimaji zitenganishwe na vipimo vyake, kama inavyodai roho ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zaidi ya yote, taasisi inayopokea vipimo ijifunge kumjibu mpimaji, kumwambia namba yake imetumika wapi na mto unatarajiwa kufanya nini, kwa maana pasipo jibu hilo wapimaji wataacha kutuma, na mafuriko yajayo yataikuta reli bila taarifa.