Baiskeli Yako na Afya Yako: Tengeneza Kidogo Kidogo



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba twende pamoja uani, pale ilipoegemezwa baiskeli. Wengi wetu tunaitegemea kila siku: mwalimu kwenda shuleni, mama kwenda sokoni, kijana kwenda kibaruani, katekista kwenda kigangoni. Lakini ni wachache wanaoihesabu baiskeli kuwa jambo la afya, mpaka siku waumiapo.

Katekista mmoja alifika kwenye zahanati akilalamika kuwa magoti yanamuuma kwa mbele, hasa apandapo mlima. Alikuwa amekwisha kunywa vidonge vya maumivu kwa miezi kadhaa. Alipoulizwa habari za kazi yake, alieleza kwamba huendesha kilomita kama 14 kwenda kigangoni na 14 kurudi, mara tatu kwa juma. Mganga akatoka naye nje kuitazama hiyo baiskeli. Ilikuwa imepambwa kweli kweli: maua ya plastiki kwenye usukani, shanga za rangi kwenye spoki, kengele mbili. Lakini kiti kilikuwa chini mno, breki ya mbele haikuwapo, na pedeli ya kulia ilibaki chuma kitupu.

"Mwalimu," mganga akamwambia kwa upole, "fedha yako umeipa maua. Magoti hayakupata kitu."

Katekista akacheka, nasi tuliokuwapo tukacheka. Lakini neno lile lilitubakia. Karibu kila mwenye baiskeli huibadilisha kidogo kidogo kadiri apatavyo fedha, na hilo ni jema. Swali ni hili: aanze na nini? Sisi tunasema aanze na mwili wake, kisha kusimama, kisha kuonekana, kisha wale anaowabeba. Wepesi wa mwendo ufuate baadaye, na mapambo yaje mwisho.

Si jambo geni

Kuibadili baiskeli kwa ajili ya afya ni jambo la zamani. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi lenye upepo. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo, ambayo ilimtikisa mno mtoto barabarani. Hivyo tairi tunalolijaza pampu kila asubuhi lilianza kama matengenezo ya baba mmoja nyumbani kwake.

Kwanza: mwili wako

Hatua hii haihitaji shilingi, inahitaji spana tu. Mwombe mtu aishike baiskeli, nawe ukae juu ya kiti. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha weka sehemu ya mbele ya wayo juu ya pedeli, kama unavyoendesha siku zote. Sasa goti litapinda kidogo. Hapo ndipo penye urefu wa haki.

Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno, maumivu huja nyuma ya goti, na nyonga huyumba huku na huku. Ukikipandisha, hakikisha sentimita zisizopungua 6 za nguzo ya kiti zimebaki ndani ya fremu, isije ikavunjika ukiwa safarini. Ncha ya kiti isielekee juu, maana hubana mishipa na kuleta ganzi sehemu za siri. Vidole vya mikono vikifa ganzi, basi unauegemea usukani kupita kiasi: upandishe kidogo, na uweke raba laini kwenye vishikio.

Wengine wanaogopa kupandisha kiti kwa sababu miguu haitakanyaga chini wakisimama. Ndugu msomaji, ukitaka kusimama, shuka mbele ya kiti. Si lazima ubaki umekaa.

Pedeli zilizobaki chuma nazo zibadilishwe mapema. Mguu ukiteleza wakati wa mvua, chuma kile huchana muundi, na kidonda cha hapo hukawia kupona.

Pili: kusimama

Tumeona vijana wengi wanaosimamisha baiskeli kwa kandambili, wakikandamiza tairi kwa unyayo. Kwenye tambarare yaweza kusaidia. Kwenye mteremko, na mzigo nyuma, hiyo si breki.

Fanya jaribio hili kila juma. Shika breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke. Fanya vivyo hivyo na ile ya nyuma. Breki zote mbili zifanye kazi, si moja. Raba za breki zikiisha, badilisha. Ni kati ya vipuri vya bei ndogo kuliko vyote, na ndivyo vinavyookoa maisha.

Wenye baiskeli kama Phoenix, zenye breki za fimbo na rimu za chuma, wajue kwamba rimu za namna hiyo zikilowa, breki hupungua nguvu sana. Wakati wa masika anza kufunga breki mapema, na uminye kidogo mara mbili tatu ili kukausha rimu kabla hujafika mahali pa kusimama. Ukiwa na uwezo wa kununua magurudumu mapya siku moja, chagua rimu za alumini zinazolingana na aina ya breki zako, maana hushika vizuri zaidi zikiwa zimelowa. Fundi wako atakuambia kama zitaingia katika fremu uliyo nayo.

Tatu: kuonekana

Anayetoka kazini jioni hukutana na magari katika saa mbaya, wakati jua limezama na taa bado hazijawashwa zote. Yeye anaona barabara, na kwa hiyo anadhani dereva naye anamwona. Si hivyo.

Rifleta, yaani kile kioo chekundu kinachorudisha mwanga wa gari, ni ya bei ndogo. Weka moja nyuma ya keria, mahali ambapo mzigo hautaifunika. Weka za njano kwenye pedeli. Kwa kuwa zinapanda na kushuka, dereva hutambua upesi kwamba mbele yake kuna baiskeli. Kisha, fedha ikipatikana, nunua taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma. Dainamo haihitaji betri, lakini nyingi huzima ukisimama, kwa hiyo rifleta ibaki palepale. Na shati jeupe halina gharama ya ziada.

Kofia ya kujikinga kichwa ni msaada mkubwa uangukapo. Ikae sawa juu ya paji, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe. Ikiisha kupigwa kwa nguvu katika ajali, itupe hata kama haionyeshi ufa. Kazi yake imekwisha.

Nne: wale unaowabeba

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole.

Mtoto anayekaa kwenye keria bila mahali pa kuweka miguu huining'iniza karibu na spoki. Barabara ikiwa mbaya, au akisinzia, mguu huingia. Gurudumu huubana kati ya spoki na fremu, na kisigino huchunika. Mara nyingine mfupa huvunjika. Baba huhisi tu kwamba baiskeli imekuwa nzito, kisha husikia kilio.

Ajali hii inazuilika kwa fedha kidogo. Mwambie fundi afunge wavu au kipande cha plastiki ngumu kila upande wa gurudumu la nyuma, pale miguu inapofika. Aongeze vyuma viwili vya kukanyagia, na kiti kidogo chenye egemeo na mkanda. Mtoto avae viatu vilivyofungwa. Mtoto mchanga asipandishwe kabisa, hata mgongoni mwa mama anayeendesha.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea, simamisha mara moja. Usivute mguu kwa nguvu. Rudisha gurudumu nyuma taratibu, au kata spoki. Spoki hununuliwa, kisigino hakinunuliwi. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, usipake majivu wala mafuta ya taa. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ngozi iliyobanwa yaweza kuonekana nzima leo na kufa baada ya siku chache. Tena mtoto aweza kuhitaji sindano ya kuzuia pepopunda.

Kuhusu mizigo, kumbuka kuwa dumu la lita 20 la maji ni kilo 20. Madumu mawili yakae huku na huku, chini, uzito ukilingana. Mzigo uliowekwa juu huvuta baiskeli kuanguka, na kila kilo unayoongeza huongeza umbali wa kusimama.

Tano: wepesi

Sasa tunafika kwenye matengenezo ambayo mafundi hupenda kuanza nayo. Wakazi wa milimani wanaweza kupunguza kazi ya magoti bila kununua baiskeli ya gia nyingi. Tuseme duara la meno kwenye pedeli lina meno 44 na friwili yako ina 18. Mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu karibu mara mbili na nusu. Ukiweka friwili ya meno 22, huzunguka mara mbili kamili. Mwendo utapungua kidogo kwenye tambarare, lakini mlimani utapanda kwa nguvu ndogo zaidi.

Cheni nayo ipimwe. Chukua rula ya mtoto wa shule yenye inchi 12. Weka katikati ya pini ya kwanza kwenye sifuri. Katika cheni mpya, pini ya 25 huangukia inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa milimita 3, cheni imekwisha. Ukichelewa, italila friwili, nawe utanunua vyote viwili. Tairi zijazwe upepo wa kutosha, maana tairi laini huchosha mwendeshaji kama mzigo wa ziada.

Faida yake

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kati ya dakika 150 na 300 kwa juma. Anayeendesha nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi, siku tano, amekwisha kutimiza dakika 300 kabla ya Jumapili. Hiyo ni kinga dhidi ya shinikizo la damu, kisukari na ugonjwa wa moyo. Mwenye magonjwa hayo tayari amwone mganga kabla ya kuanza safari ndefu.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu ajengaye nyumba anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari lake, ili mtu asianguke akaleta hatia ya damu nyumbani mwake. Sisi hatuna madari ya namna ile. Tuna keria. Wavu wa spoki ndio ukingo wetu.

Kuhusu yule katekista: alipandisha kiti siku ileile, akanunua pedeli na raba za breki mwezi uliofuata. Baada ya majuma kadhaa magoti yalitulia. Maua bado yapo kwenye usukani, nasi hatukumwambia ayatoe.

Mwezi huu, baada ya Misa, kabla hujapanda kurudi nyumbani, fanya lile jaribio la breki pale pale nje ya kanisa. Kisha mtazame jirani yako, kama amempakia mtoto. Ukiona miguu inaning'inia, mwambie.

Mungu awabariki, na awalinde njiani.